Siku 84, kisha mtoto aende wapi?



Ndugu msomaji, katika masika yaliyopita mtoto wa miaka miwili wa mtaani kwetu alitoka kimya kimya katika nyumba anamoachwa kila asubuhi, akaufuata mfereji wa maji ya mvua. Kijana wa bodaboda alimwona akamtoa, alhamdulillah. Mama yake alikuwa Feri akikaanga samaki. Bibi anayemlea alikuwa na watoto 14 katika sebule moja, naye yu peke yake.

Jioni ile msikitini lawama zilikuwa nyingi. Mzee wetu mmoja wa kamati alisema mwanamke na akae nyumbani alee. Nilimjibu kwa adabu kwamba matumizi ya nyumba kweli ni wajibu wa mume, lakini katika kina mama wanaowaacha watoto pale, watano ni wajane au wameachwa. Hao watapewa matumizi na nani? Mzee alinyamaza, kisha akaniuliza swali lililonipa kazi ya mwezi mzima: “Basi katibu, serikali inasemaje?”

Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mwajiriwa hupewa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na akirejea kazini hupewa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Kisha, tangu Januari 2016, shule za serikali hazitozi ada kuanzia darasa la awali, ambako mtoto kwa kawaida huandikishwa akiwa na miaka 5. Baina ya siku ya 84 na mwaka wa 5 familia hujitegemea. Mkaanga samaki hana hata hizo siku 84, kwa kuwa hana mwajiri. Nasi tunasoma katika Suratul Baqara, aya ya 233, kwamba muda kamili wa kunyonyesha ni miaka miwili.

Si kwamba serikali imelala. Desemba 2021 ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayomtazama mtoto hadi umri wa miaka 8. Aidha, sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo haina riba, jambo ambalo waumini wengi hawalijui, wakaikimbia wakidhani ni ndugu wa kausha damu.

Nilimpelekea bibi habari hiyo kwa furaha. Akanihesabia kwa vidole. Hutoza shilingi 1,000 kwa mtoto kwa siku, na humo mna uji, mkaa, maji na sabuni. Afisa ustawi wa jamii alikwisha kutueleza kwamba ili asajiliwe anahitaji uzio, vyoo vinavyowafaa watoto na mlezi mwenye mafunzo. Ni masharti ya haki. Uzio ungemzuia yule mtoto. “Lakini mwanangu,” akasema, “nikikopa nijenge uzio na kumlipa mlezi wa pili, itanilazimu nitoze 2,500. Hao kina mama hawana 2,500.” Hapo ndipo nilipoelewa. Mkopo, hata usio na riba, hulipwa. Na atakayeulipa ni yule mama wa Feri.

Kwa hiyo ombi letu ni ruzuku. Shule za msingi za umma hupelekewa ruzuku kwa hesabu ya wanafunzi. Hata mbolea ya wakulima imetiwa ruzuku. Mtoto wa miaka miwili aliye katika kituo kilichosajiliwa naye ahesabiwe, na halmashauri ibebe walau sehemu ya ujira wa mlezi wake.

Jambo hili si geni katika historia yetu. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar (r.a.) aliwapangia posho ya Baitul Mal watoto waliokwisha kuachishwa ziwa. Usiku mmoja akamsikia mtoto analia bila kukoma, na mama, asiyejua anazungumza na nani, akamweleza kwamba anamwachisha kabla ya wakati ili apate posho. Utaratibu wenyewe ndio uliokuwa ukimdhuru mtoto. Umar aliubadili, posho ikatolewa tangu kuzaliwa.

Nasi msikitini tusikae tukingoja tu. Wenzetu wa Mombasa walianza miaka ya 1980 shule za awali zilizoshikamana na jamii za misikiti, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, na mpango ule ukafika Zanzibar na Uganda. Chumba chetu cha madrasa hukaa kitupu hadi adhuhuri. Kamati imekubali, baada ya vikao vitatu na maneno mengi, kukitoa bila kodi, na mzee aliyeniuliza lile swali ndiye anayechangisha matofali ya uzio. Barua ya kuomba ujira wa mlezi iko kwa diwani. Kina mama wanaotaka kuongeza majina yao wanionane Jumamosi baada ya Alasiri.