Pikipiki ya mkoa usiokuwepo

Mhariri,

Juzi hapa Galu shangazi yangu, muuza mahamri, alipigiwa simu kwamba ameshinda pikipiki katika "shindano la mkoa wa Pwani". Atume shilingi 1,500 za usajili kwanza. Mkoa! Kenya tuna kaunti badala ya mikoa tangu 2013.

"Shangazi, ulishiriki lini?" Akanyamaza, mikono ingali na unga. Keshatuma mia tano.

Nikampigia huyo jamaa aliyempigia, kumwuliza masharti: umri, makao, mwisho wa kushiriki, leseni ya shindano. Akakata simu. Shindano la kweli hutangaza hayo mapema. Kampuni ya simu ya Safaricom nayo husema huwapigia wateja kwa 0722 000 000 pekee. Namba iliyompigia shangazi ilikuwa ya mtu binafsi tu. Tumeituma kwa 333, namba ya Safaricom ya kuripoti ulaghai, bila malipo. Mia tano haijarudi.

Msomaji,
Galu, Kwale