Shamba la Besiboli na Mizani ya Mzazi



Juma lililopita nilipokea barua ya mama mmoja, mke wa koplo wa polisi. Mwanawe wa kiume, mwenye umri wa miaka 16, hurusha mpira wa besiboli kwa kasi inayowashangaza walimu wake. Watu wa mchezo huo wamemwambia kwamba klabu fulani ya Marekani ina shamba bora kuliko zote, na kwamba akichukuliwa huko atakuwa amefika. Tangu siku hiyo kijana hataki kufungua daftari, na baba yake anaelekea kumruhusu aache shule. Mama anauliza: shamba hilo ni nini, na ubora wake hupimwaje?

Ombi la kijana huyu si ndoto ya kuchekwa. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, hapa Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya watoto huko Williamsport, jimbo la Pennsylvania. Mwaka 2022 klabu ya Los Angeles Dodgers iliwatia saini vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male. Njia ipo, basi. Linalotupasa ni kujua urefu wake.

Klabu kubwa za besiboli Marekani ni 30. Chini ya kila klabu kuna timu ndogo za kulelea wachezaji, na Wamarekani wenyewe huziita mashamba. Tangu mwaka 2021 timu hizo ni 120, nne kwa kila klabu, zilizopangwa kwa madaraja kama madarasa ya shule. Chini yake tena kuna mafunzo ya wanaoanza huko Arizona, Florida na Jamhuri ya Dominika.

Aliyeupanga utaratibu huu ni Branch Rickey wa klabu ya St. Louis Cardinals, baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Klabu yake haikuwa na fedha za kununua wachezaji waliokwisha kuiva, kwa hiyo aliamua kuwaotesha mwenyewe. Kufikia mwaka 1940 alikuwa na timu 32 na wachezaji zaidi ya 600, na klabu iliyokuwa maskini ilitwaa ubingwa miaka ya 1926, 1931, 1934 na 1942. Walakini wingi huo ulikuwa na madhara. Vijana wengi walifungiwa katika timu ndogo wasipate nafasi ya kupanda, wala ruhusa ya kwenda kwingine. Mwaka 1938 mkuu wa mchezo huo, Jaji Landis, aliwafungulia zaidi ya 70 miongoni mwao.

Sasa tuje kwenye kupima. Wapelelezi wa vipaji humpa kila kijana alama kuanzia 20 hadi 80, na 50 ndiyo kiwango cha kawaida cha mchezaji wa klabu kubwa. Mpigaji hupimwa kwa mambo matano: ustadi wa kuupata mpira, nguvu ya gongo, mbio, udakaji na mkono wa kutupia. Mrushaji hupimwa kwa kila aina ya mpira anaoujua, pamoja na uwezo wa kuupeleka anakotaka. Kasi peke yake haitoshi.

Alama hizo hazisomwi bila kutazama umri. Sisi tuliofundishwa ualimu twajua kwamba mtoto wa miaka 11 anayeshinda darasa la saba si sawa na wa miaka 16 anayelishinda darasa hilo hilo. Kadhalika kijana wa miaka 19 anayestahimili daraja la tatu huthaminiwa kuliko wa miaka 25 anayetamba humo. Mahali pia hutazamwa. Albuquerque iko juu ya bahari kwa mita zaidi ya 1,500. Hewa yake ni nyepesi, na mpira huruka mbali kuliko kwingine. Mpigaji aliyejaza hesabu huko husifiwa kwa kiasi.

Baada ya kumpima kila mmoja ndipo shamba zima hupimwa. Je, kuna nyota wawili na nyuma yao watupu, au kuna kina? Je, wako karibu na kuvunwa, au ndio kwanza wanachipua? Je, ni warushaji watupu? Mkono wa mrushaji ni mali iharibikayo upesi. Tangu mwaka 1974, Tommy John alipofanyiwa upasuaji wa kano ya kiwiko na kurejea uwanjani, wengi wamefuata njia hiyo, na kila mmoja hukaa nje mwaka mzima au zaidi.

Mwisho hutazamwa mavuno. Mwaka 2011 shamba la Kansas City Royals lilihesabiwa kuwa la kwanza. Vijana wake 9 walikuwa katika orodha ya chipukizi 100 bora wa nchi nzima. Miaka minne baadaye, mwaka 2015, klabu ilitwaa ubingwa. Lakini hebu tuwafuate wale tisa. Eric Hosmer na Mike Moustakas walicheza katika timu hiyo ya ubingwa. Wil Myers, Jake Odorizzi na John Lamb walikuwa wamekwisha kutolewa kwa klabu nyingine ili wapatikane warushaji waliokomaa. Wapo pia ambao majina yao yalififia. Shamba, basi, ni chakula cha nyumbani na pia ni bidhaa ya sokoni.

Biashara hiyo huweza kumtia hasara hata mwerevu. Mwaka 1987 Detroit Tigers, wakiukimbilia ubingwa, walimpata mrushaji mzee Doyle Alexander, akawashindia michezo 9 bila kupoteza hata mmoja. Walimtoa kijana wa miaka 20 wa shamba lao, John Smoltz. Mwaka 2015 Smoltz aliingizwa katika jumba la heshima la mchezo huo.

Nao wapimaji hukosea. Mike Piazza aliitwa mwaka 1988 katika duru ya 62, baada ya vijana zaidi ya 1,300 kutangulia, tena kwa hisani ya rafiki wa baba yake. Naye akafika jumba lile lile. Mark Appel aliitwa wa kwanza kabisa mwaka 2013. Mwaka 2018 aliacha mchezo, akarudi, na alikanyaga uwanja wa klabu kubwa mwaka 2022, akiwa na miaka 30. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Lakini wapo pia waliosifiwa wasitie maji, na tembo likachacha vilevile.

Mama yetu, mizani hiyo yote ni ya mwenye shamba. Yeye hupanda miche mia ili avune mitano, na akivuna mitano amefaulu. Wewe una mche mmoja. Tangu mwaka 2024 kila klabu huruhusiwa kuweka wachezaji hadi 165 katika mashamba yake ya ndani ya Marekani. Kwa klabu 30 ni watu 4,950. Nafasi za juu ni 26 kwa kila klabu, yaani 780, na nyingi zina wenyewe. Tena shamba likisifiwa kuwa bora kuliko yote, maana yake ni kwamba humo wamejaa vijana hodari wanaoingoja nafasi ile ile anayoitaka mwanao.

Kwa hiyo usiulize kama shamba ni bora. Uliza warushaji wangapi wako mbele yake. Uliza nani atamtibu kiwiko kikiumia, na kwa gharama ya nani. Uliza masomo yake yataendeleaje huko, na iandikwe kwenye mkataba. Kuhusu mshahara, mapatano ya mwaka 2023 yaliupandisha wa daraja la juu la timu ndogo kutoka dola 17,500 hadi 35,800 kwa mwaka. Wa madaraja ya chini ni mdogo kuliko huo.

Nawe, baba koplo, usimkataze kijana kurusha mpira. Lakini daftari lirudi mezani jioni ya leo. Mkono wake waweza kuchoka akiwa na miaka 22, na siku hiyo atarudi kwako akitafuta kazi nyingine ya kufanya.