Tusome Aya, na Tujifunze Kupima



Ndugu wanafunzi na wazazi wetu, kila inapotajwa habari ya ulimwengu kutanuka, hakosekani miongoni mwetu wa kusema: "Mbona hayo yamo katika Qur'an, Suratu Adh-Dhaariyaat, aya ya 47!" Tukishasema hivyo tunaridhika na kufunga daftari. Sisi tunaona kuwa hapo ndipo somo linapoanza.

Wanavyuoni wetu wa kale hawakuridhika kirahisi. Mwaka 964 Abdulrahman as-Sufi, bingwa wa falaki wa Uajemi, alitaja katika kitabu chake cha nyota kijiwingu chenye mwanga hafifu. Leo tunajua kuwa kijiwingu kile ni Andromeda, galaksi yenye mabilioni ya nyota, ambayo nuru yake husafiri miaka milioni 2.5 hivi kabla ya kutufikia.

Umbali huo umejulikanaje? Tuchukue mfano wa hapa Zirai. Usiku ukiona taa mlima wa pili, hujui kama ni kibatari kilicho karibu au karabai iliyo mbali. Ukijua kwa hakika kuwa ni karabai, kufifia kwake kutakuonyesha umbali. Mwaka 1912 Bi Henrietta Leavitt wa Marekani alieleza juu ya nyota ambazo nuru yake huongezeka na kupungua kwa zamu: zamu ikiwa ndefu, nyota ina nuru kali zaidi. Hizo ndizo karabai za mbinguni. Mwaka 1923 Edwin Hubble aliipata moja katika Andromeda, na mwaka 1929 akaonyesha kuwa galaksi kadiri zilivyo mbali ndivyo zinavyotukimbia kwa kasi zaidi.

Hata hivyo hesabu yake ilikosea. Alipata kama kilomita 500 kwa sekunde kwa kila umbali wa miaka ya nuru milioni 3.26. Kwa kasi hiyo ulimwengu ungekuwa na umri mdogo kuliko mawe ya ardhi! Waliofuata walipima upya wakamsahihisha. Leo wanaotumia nyota hupata karibu 73, na wanaotumia nuru kongwe ya mwanzo wa ulimwengu hupata karibu 67. Bado hawajaafikiana, lakini kila upande umeweka hesabu zake wazi ili wengine wazikague.

Ndugu zetu, aya haikututajia 67 wala 73. Kazi hiyo tumeachiwa sisi, tuifanye kwa akili tuliyopewa na Allah (S.W.). Mwanafunzi anayehifadhi juzuu kisha akakikimbia kipindi cha hisabati amejipunguzia fungu lake. Nanyi wazazi, msimwambie binti kuwa hesabu si kazi yake; kipimo hiki kilianzia kwa mwanamke.

Mwezi wa Novemba na Desemba, usiku usio na mbalamwezi, mbingu zikitakata, tokeni nje baada ya Isha. Kaskazini mtaona kijiwingu cha as-Sufi. Kusini, chini kidogo, pasipozibwa na mlima, mtaona Wingu Dogo la Magellan, lenye nyota alizochunguza Bi Leavitt. Vyote viwili huonekana kutoka milima yetu bila darubini. Kilichobaki ni sisi kujifunza kupima.

Wabillahi tawfiiq.