Saikolojia Isiishie Daftarini

Ndugu mwanachuo, kukariri hatua nne za Jean Piaget si kuifahamu akili ya mtoto. Piaget mwenyewe aliwachunguza wanawe watatu tangu uchanga wao. Nawe chukua bilauri mbili zilizo sawa, zitie maji sawasawa. Kisha, mbele ya mtoto wa miaka 5, yamimine ya moja katika bilauri ndefu nyembamba. Muulize yapi mengi. Aghalabu ataonyesha ile ndefu. Usimsahihishe, muulize sababu, uyaandike maneno yake yenyewe. Wapo wakufunzi wasemao kwamba jaribio hili hupoteza kipindi. Sikubaliani nao hata kidogo. Asiyejua kwamba macho ya mtoto bado yanaitawala hesabu yake atamwita mjinga bure. Na mtihani? Aliyeyashuhudia maji hayo hatahitaji kuikariri hatua ya pili.