Mahali pa Wazi si Mahali Patupu

Wako wasemao kwamba bustani ya mjini ni ardhi iliyolala bure, na kwamba kuwapeleka wanafunzi huko ni kupoteza vipindi. Sisi walimu wa Kiswahili hatuna budi kuwakatalia, kwani kosa lao ni la lugha kwanza: mahali pa wazi si mahali patupu.

Tutazame kwa majirani zetu, jijini Nairobi. Mwaka 1989 ilikusudiwa kujenga ndani ya Uhuru Park jumba la ghorofa 60, pamoja na sanamu kubwa ya Rais Moi. Profesa Wangari Maathai alipinga kwa barua, akadhihakiwa hata Bungeni. Lakini jumba halikujengwa. Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa waligoma kula katika pembe ya bustani iyo hiyo, iitwayo Freedom Corner.

Atakayefuata njia za miguu hadi Central Park, ng'ambo ya Kenyatta Avenue, atauona mnara wa Nyayo wa mwaka 1988: mkono ulioshika rungu ukichomoza kileleni mwa Mlima Kenya. Hapo mwanafunzi na aulizwe: ukumbusho mkuu ni upi, mkono ule uliochongwa au nyasi zile zilizonusurika?

Basi, walimu wenzangu, tuwatoe darasani. Wazisome sanamu kama wasomavyo mashairi, wabishane, kisha waandike. Mali bila daftari huisha bila habari.