Je, Daktari Akishika Uongozi Amepotea?

Wako watu wengi, na baadhi yao ni wenzangu wa Kidato cha Nne, wasemao kwamba daktari akiacha wodi akaenda kuongoza chuo cha uganga, basi taifa limepata hasara mara mbili: limempoteza mganga, na badala yake limempata karani mwenye mshahara mkubwa. Mimi sikubaliani nao. Nitaeleza sababu zangu kwa kutaja maisha ya mtu mmoja wa Nigeria, Profesa Thomas Adeoye Lambo, maana hoja isiyo na mfano ni kama mtumbwi usio na kasia.

Lambo alizaliwa Abeokuta mwaka 1923. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, akahitimu mwaka 1948, kisha akajifunza magonjwa ya akili huko London. Alikuwa mmoja wa Waafrika wa kwanza kabisa kuchagua kazi hiyo. Tukumbuke kwamba siku zile hospitali za wendawazimu katika makoloni zilikuwa zaidi mahali pa kuwafungia watu kuliko mahali pa kuwaponya. Kijana mwenye cheti cha Uingereza angeweza kuchagua upasuaji, akasifiwa mji mzima. Yeye aliwachagua wale waliokimbiwa na wote.

Mwaka 1954 alirudi kwao akashika kazi katika hospitali ya Aro, kando ya mji wa Abeokuta. Majengo yalikuwa bado hayajakamilika. Mtu mwingine angaliketi akaandika barua za kulalamika. Lambo aliwaendea wazee wa vijiji vya jirani, akawaomba wawapangishe wagonjwa vyumba katika nyumba zao. Kila mgonjwa alikuja na jamaa yake mmoja angalau, mama au dada au ndugu, wa kumpikia na kumfulia na kumpeleka hospitali kupata dawa. Wenyeji walilipwa kodi. Mgonjwa akisha kutibiwa alirudi kijijini kuishi kama watu wengine, akishiriki katika kazi na ngoma na sala. Lambo hakuona haya hata kushirikiana na waganga wa kienyeji, kwa kuwa alijua kwamba wao walifahamu hofu na desturi za wagonjwa kuliko kitabu chochote alichosoma London. Lakini dawa za hospitali hakuziacha.

Mtu akitengwa na jamaa zake, ugonjwa wake huongezewa ugonjwa wa pili, yaani upweke. Na siku akipona hana mahali pa kurudi, kwa sababu watu wamekwisha kumzoea kuwa hayupo. Mgonjwa wa Aro hakutoka katika jamii hata siku moja, basi hakuwa na safari ndefu ya kurudi. Tena jamaa yake alijifunza namna ya kumtunza, na elimu hiyo ilikwenda nyumbani pamoja nao.

Mwaka 1963 Lambo alikuwa profesa wa magonjwa ya akili katika Chuo Kikuu cha Ibadan. Mwaka 1966 akawa mkuu wa kitivo cha uganga, na tangu mwaka 1968 hata 1971 alikuwa Makamu Mkuu wa Chuo, yaani ndiye hasa aliyekiendesha. Haikuwa kazi ya kukaa kitini na kunywa chai, maana vita vya wenyewe kwa wenyewe viliigawa Nigeria tangu 1967 mpaka 1970. Baadaye aliitwa Geneva kulitumikia Shirika la Afya Duniani, akawa Naibu Mkurugenzi Mkuu tangu mwaka 1973 hata 1988. Alifariki mwaka 2004.

Sasa nawauliza wanaobisha: ni wapi alipopotea? Alipokuwa Aro aliwatibu wale walioweza kufika Aro. Alipokuwa mkuu wa kitivo, fikra zake ziliwafikia vijana ambao wangekwenda kutibu miji asiyoijua. Daktari mmoja ana mikono miwili tu. Anayewafundisha madaktari ana mikono isiyohesabika.

Hata hivyo nakiri kwamba wapinzani wangu wana neno moja la kweli. Yuko daktari akimbiliaye ofisi kwa kuwa amechoka na harufu ya vidonda, naye akipewa chuo atakiongoza kama bwana shamba asiyewahi kushika jembe. Kwa hiyo kipimo kisiwe kwamba mtu ameacha wodi au hakuacha, bali kiwe hiki: je, wodi ilimfundisha nini kabla hajaiacha? Lambo alikaa karibu miaka kumi na wagonjwa wake kabla ya kuitwa profesa huko Ibadan. Uongozi wake ulitoka kwao.

Jambo hili latuhusu sisi pia. Hapa kwetu mtoto akitaka kumtukana mwenzake humwambia, “Wewe ni wa Mirembe,” kana kwamba hospitali ile ya Dodoma ni mahali pa aibu. Wako wazazi wanaomficha kijana wao mgonjwa chumba cha nyuma mpaka ugonjwa umekomaa, na wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Nasi wanafunzi tunaosoma elimu ya viumbe, tukiulizwa tunataka kuwa nani, wote twataja upasuaji. Sijasikia hata mmoja akitaja magonjwa ya akili.

Basi wenzangu, tuache tusi hilo kuanzia muhula huu, ndani ya bweni na uwanjani. Wazazi wetu, msiwafiche wagonjwa. Wapelekeni hospitali mapema, na mwende pamoja nao. Na wewe utakayeingia chuo cha uganga, usiogope kuwa kiongozi siku moja, bali anza kwa kuketi na mgonjwa asiyetembelewa na mtu. Huko ndiko uongozi unakojifunzwa.