Wanachelewa Wao, Tunalipa Sisi

Sisi tulionunua nyumba zingali ramani, hapa Kitengela, Kisaju, Isinya na kandokando ya Barabara ya Namanga, katika Kaunti ya Kajiado, tuna neno. Tunalisema kwa pamoja kwa sababu kila mmoja wetu akilisema peke yake huambiwa awe na subira. Subira tumekuwa nayo. Tulilipa amana, tukalipa awamu ya msingi, tukalipa awamu ya slabu ya kwanza. Tarehe ya kukabidhiwa funguo ikafika, ikapita. Tukapewa nyingine, nayo ikapita. Leo saiti imezungushiwa mabati, vyuma vya nguzo vinashika kutu, na mlinzi langoni ameagizwa asimruhusu mtu kuingia, hata mwenye risiti mkononi.

Sisi si matajiri waliopoteza pesa za mchezo. Ni walimu, wauguzi, madereva, wafanyakazi wa viwanda vya EPZ pale Athi River, akina mama wenye maduka, na ndugu zetu walio Doha na Riyadh wanaotuma pesa nyumbani kila mwezi wakitumaini kurudi kwao. Sensa ya 2009 ilipata watu wapatao 58,000 mjini Kitengela. Ile ya 2019 ikapata zaidi ya 154,000. Wengi walihamia huku kwa kushindwa na kodi za Nairobi, nako ni mwendo wa kilomita 30 hivi kutoka katikati ya jiji. Barabara ya Expressway ilipofunguliwa kutoka Mlolongo mwaka 2022, wauzaji wa nyumba walipata sababu mpya ya kutuhimiza tuharakishe. Tukaambiwa bei ya ramani ni nafuu, na jengo likishasimama itapanda. Hatukuwa wajinga kuamini. Kwa mshahara wetu, kulipa kidogo kidogo ndiyo njia pekee ya kupata nyumba.

Hebu tuhesabu kuchelewa kunagharimu nini. Chukua mpangaji anayelipa kodi ya shilingi 18,000 kwa mwezi. Nyumba yake ikichelewa miaka 2, atakuwa amelipa shilingi 432,000 ambazo asingelipa kama ahadi ingetimizwa. Wakati huohuo mkopo aliochukua kwenye Sacco unakatwa kwenye mshahara bila kukosa mwezi hata mmoja, na wadhamini wake wamefungiwa akiba zao kwa ajili yake. Juu ya hayo anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa mujibu wa Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024. Kwa hiyo analipia nyumba ya mwenye ploti, nyumba yake isiyokuwepo, na nyumba za serikali. Karo ya watoto itoke wapi?

Sasa geuza upande wa pili: aliyechelewesha amelipa nini? Hajalipa kitu. Soma mikataba tuliyotia saini. Mnunuzi akichelewesha awamu, anatozwa riba. Akishindwa kabisa, mkataba unavunjwa na sehemu ya pesa zake inabaki kwa muuzaji. Lakini tarehe ya muuzaji kukabidhi nyumba imeandikwa kwa neno “takriban”, kisha kifungu kingine kinamwongezea muda kwa sababu zozote “zilizo nje ya uwezo wake”. Mnunuzi akitaka kujitoa, atarudishiwa pesa pale tu nyumba yake itakapopata mnunuzi mwingine. Nani atanunua nyumba ambayo mwenyewe ameikimbia kwa kuwa haijengwi?

Hatukatai kwamba ujenzi una shida zake za kweli. Mwaka 2020 kulikuwa na korona. Mapema 2024 dola ilivuka shilingi 160, na bidhaa za kuagizwa kutoka nje zikapanda bei pamoja nayo. Benki nazo zilipandisha riba. Mstawishaji wa majengo aliye mwaminifu huwaita wanunuzi, akawaonyesha hesabu, akaandika tarehe mpya na kuitimiza. Sisi tunayoyapata ni simu isiyopokelewa, afisa wa mauzo aliyehamia kampuni nyingine, na ujumbe kwamba “kibali kimekwama kaunti”. Kama kibali kilikuwa hakijatoka, pesa zetu zilichukuliwa kwa idhini ya nani? Sheria ya Upangaji wa Matumizi ya Ardhi ya 2019 inataka ruhusa ya kaunti ipatikane kabla ya ujenzi kuanza.

Linalotuuma zaidi ni zilikokwenda pesa. Tulidhani awamu ya slabu inanunua saruji na vyuma vya slabu yetu. Kumbe hakuna sheria inayomlazimisha mstawishaji kuweka pesa za mradi mmoja katika akaunti ya mradi huo. Za Kitengela zinaweza kununua ardhi kwingine, kulipa matangazo, au kuziba pengo la mradi wa zamani. Mambo yakiharibika, yanaharibika kwa wote. Wanunuzi wa nyumba za Encasa za kampuni ya Suraya, kando ya Barabara ya Mombasa, walilipa wakasubiri miaka. Cytonn High Yield Solutions, mfuko uliochukua pesa za wawekezaji na kuziingiza katika miradi ya nyumba, uliomba kuwekwa chini ya msimamizi mnamo Oktoba 2021. Januari 2023 Mahakama Kuu ikaamuru ufilisiwe. Waliokuwa wakidai walikuwa maelfu, na deni lilipita shilingi bilioni 10.

Kampuni ikianguka, mnunuzi wa ramani anasimama mwisho wa foleni. Mara nyingi hatimiliki ya ardhi nzima huwa imewekwa rehani benki, na benki iliyosajili rehani hulipwa kwanza. Sheria ya Umiliki wa Vitengo ya 2020 ilikuja na jambo jema: kila nyumba ndani ya jengo iwe na hati yake. Lakini hati hiyo haitoki jengo likiwa bado nguzo na kutu. Hadi hapo, tulicho nacho ni karatasi ya mkataba na risiti.

Tumebisha hodi kila mlango. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi husajili wanakandarasi na miradi. NEMA hutazama mazingira. Kaunti hutoa vibali vya ramani. Sheria ya Mawakala wa Nyumba inawasimamia mawakala. Kila ofisi ina kipande chake, na hakuna hata moja inayoilinda pesa ya mnunuzi tangu anapoitoa mpaka anapopewa funguo. Ukienda kituo cha polisi unaambiwa hayo ni ya mkataba, nenda kortini. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na wengi wetu tumeshalipa zaidi ya hapo. Zinabaki mahakama za juu, ambako ada ya wakili inakula kilichobaki. Na Katiba, Kifungu cha 46, inampa mlaji haki ya kufidiwa kwa hasara. Haki hiyo tunaisoma tu.

Wengine wameliweza jambo hili la kulinda pesa za mnunuzi. Dubai, ambako Wakenya wengi wanafanya kazi, ilitunga mwaka 2007 sheria ya kuweka pesa za wanunuzi wa ramani katika akaunti maalumu ya mradi. India ilifuata mwaka 2016: asilimia 70 ya pesa za wanunuzi hukaa katika akaunti ya mradi, na hutolewa kulingana na ujenzi uliothibitishwa na mhandisi, msanifu na mhasibu. Nyumba ikichelewa, mnunuzi akijitoa hurudishiwa pesa zake pamoja na riba. Akiamua kusubiri, hulipwa riba ya kila mwezi wa kuchelewa. Hapa kwetu, mwaka 2023 Seneti ililetewa muswada wa kudhibiti biashara ya nyumba na ardhi. Muswada haumlindi mtu. Kinacholinda ni sheria inayotekelezwa.

Kwa hiyo tunadai mambo manne. Mstawishaji asiruhusiwe kutangaza wala kupokea hata shilingi kabla ya kuwa na kibali cha kaunti na kuonyesha hali ya hatimiliki. Pesa za kila mradi ziwekwe katika akaunti ya mradi huo, zitolewe kwa hatua zilizokaguliwa na mtu asiyelipwa na mstawishaji. Mkataba wowote unaomtoza mnunuzi riba ya kuchelewa umtoze na muuzaji riba ileile. Na wakurugenzi waliokula pesa za mradi mmoja wasiruhusiwe kufungua kampuni nyingine kesho kwa jina jipya.

Nawe ndugu unayetaka kununua leo, usingoje sheria hiyo. Fanya upekuzi wa ardhi kwenye ofisi ya ardhi, uone kama kuna rehani. Omba nambari ya usajili wa mradi na nakala ya kibali. Tafuta wakili wako mwenyewe, si yule uliyeonyeshwa na muuzaji. Kataa neno “takriban” katika tarehe ya kukabidhiwa, na dai kifungu cha fidia. Ukishalipa, mwambie wakili aweke zuio kwenye hatimiliki. Muuzaji akiyakataa masharti haya tangu mwanzo, usimpe pesa.

Na kwa wabunge wa Kajiado, kwa seneta wetu na kwa bunge la kaunti: mnatuona kwenye foleni za matatu asubuhi, mnajua tunakopanga. Maadamu kuchelewa hakumgharimu kitu anayejenga, ataendelea kuchelewa. Wekeni sheria itakayomfanya aliyechelewesha alipe yeye.